B ya Barghash

Jana usiku binti yangu kaniletea daftari la Kiswahili nitie saini, insha, "Kitu cha kale katika familia yetu". Nikafungua huku nakula, nikaona vema kubwa nyekundu na "Hongera" ya mwalimu. Kaandika kwamba babu yetu alikuwa na bunduki ya vita vya Seyyid Khalid vya 1896, na kwenye chuma chake palipigwa muhuri wa B na V, B ya Barghash na V ya Victoria.

Tonge likanisimama kooni.

Kwa sababu ile V nimeitunga mie.

Sasa ile bunduki mshaisikia, kila aliyewahi kula Idi kwetu Wete kaisikia. Babu akishamaliza kahawa anaagiza ishushwe darini, inakuja imefungwa kwenye kanga ya marehemu bibi, anaiweka mapajani na anaanza. Baba yake alikuwa kijana anachota maji jumbani Unguja, Seyyid Hamad, sultani wa Zanzibar, kafa ghafla, Seyyid Khalid kaingia kukalia kiti, Waingereza wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti ashuke, hakushuka, manowari zikaanza kupiga. Hapo Babu anapiga sakafu kwa kisigino, du! du! na watoto wanalia. Baba yake kapewa bunduki ambayo hakuifyatua hata mara moja, kakimbia nayo mpaka ufukweni, kapanda jahazi, Pemba. Vita dakika thelathini na nane, wengine wanasema arubaini na kitu, Babu akiisimulia inachukua saa moja na nusu.

Na bunduki yenyewe ukiiona huna la kuuliza. Gumegume, ile ya kupigia jiwe, ndefu kuliko mie, mdeki wake umepotea, kwenye ubao wa mtambo pana taji na neno TOWER. Mwaka 1964 ikazikwa shambani chini ya mkarafuu ndani ya gunia na grisi, ikafukuliwa miaka mingi baadae imekula kutu nusu. Nani angebisha? Silaha ya jiwe, taji la Malkia. Mie mwenyewe nilikula nayo. Wakati ule nilikuwa natembeza wageni Mji Mkongwe (papasi, semeni tu, sioni haya), nikifika mbele ya Beit el-Ajaib nasimamisha kundi, nawapa vita vyote, halafu namalizia na baba yake babu yangu, na natoa simu naonyesha picha ya bunduki. Bakhshishi inaongezeka hapo hapo.

Mpaka siku moja nikapata mzee wa Kiingereza, fundi mstaafu wa bunduki za kuwindia, mtu wa Birmingham. Katazama picha, kavuta, kavuta tena, akaniuliza mbona sikupiga upande wa kushoto. Nikamwambia lakini mzee si unaiona TOWER na taji. Akacheka, akasema neno hilo usiliamini hata kidogo, zamani ndo lilikuwa muhuri wa serikali kweli lakini baadae kila fundi wa bunduki za biashara alilipiga kwa sababu wanunuzi wa Afrika walishalizoea, bila ya TOWER hainunuliwi. Nikamwambia basi hili jiwe jee, nani atengeneze bunduki ya jiwe karne ya ishirini? Akasema wao. Ulikuwepo mkataba wa Brussels wa 1890, wakubwa wa Ulaya walikubaliana bunduki za kisasa zisiuzwe sehemu kubwa ya Afrika, za jiwe zisizokuwa na mifuo ndani ya mtutu zikaachiwa, kwa hiyo Birmingham na kule Liège Ubelgiji wakaendelea kuzitengeneza na kuzileta wakati kwao wenyewe zishakuwa za makumbusho. Tulikuwa tunauziwa ukale, mpya kutoka kiwandani.

Nilikasirika kidogo. Sikumuonyesha.

Akanieleza, ingekuwa Martini-Henry ya jeshi kazi ingekuwa nyepesi, mwaka umepigwa ubavuni chini ya taji na V.R., herufi za Malkia Victoria, unasoma basi. Ya kiwanda kikubwa ina nambari, unatafuta daftari la kiwanda. Hii ya biashara haina mwaka wala nambari, kilichobaki ni mihuri ya nyumba ya majaribio, maana kila kasiba pale Birmingham ilikuwa lazima itiwe baruti nyingi kupita kiasi na ifyatuliwe, isipopasuka ndo inapigwa muhuri. Na mihuri ile imebadilika. Akachukua risiti ya juisi akachora nyuma yake: fimbo mbili za kifalme zimepishana na taji juu, hiyo ni ya zamani. Halafu taji na chini yake BV, taji na chini yake BP, hizo zimeanza 1904. Tafuta nyuma ya kasiba, upande usiokuwa na mtambo. Na usipige msasa, utafuta ushahidi.

Kaniambia kwa upole lakini ile 1904 ilinikaa kama mwiba wa samaki.

Nikavuka Pemba wiki ile ile, nimemwambia mama nimekuja kupumzika.

Hii sasa ndo nnayoikumbuka, mengine yote naweza kuwa nachanganya. Baada ya lasiri, ukumbini, Babu kalala chumbani, ami kakaa kwenye mkeka anakata tambuu, mie nna bunduki mapajani na kopo la mafuta ya taa na kipande cha kumbi la nazi. Nasugua mdogo mdogo. Kutu inatoka maji ya kahawia inanichirizikia mpaka kwenye kiwiko, ukumbi wote unanuka kibatari. Ami hasemi kitu. Nikafuta kwa kitambaa, nikachukua poda ya mtoto wa dada, nikamwaga kwenye chuma, nikapangusa kwa kiganja ili ibaki kwenye mashimo tu, nikawasha tochi ya simu nikailaza ubavuni.

Likatokea taji. Dogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Wallahi nilifurahi, nilisahau hata natafuta nini. Halafu chini ya taji ikatoka B, nyeupe, safi, kama imeandikwa kwa chaki. Na pembeni yake V.

Nikatafuta zile fimbo mbili. Nikazungusha simu, nikapuliza, nikatia poda tena. Hakuna fimbo.

Nyuma yangu nikasikia bakora. Babu kaamka. Macho yake wakati ule yalishaingia mtoto wa jicho, hakuona ila kivuli na mwanga, lakini harufu kaisikia, akauliza nani anaipaka mafuta ya taa bunduki ya baba yake. Nikasema mie babu, shikamoo. Marahaba, umeona nini? Nikasema taji. "Si nlikwambieni!" Akakaa juu ya kiti chake, akanyoosha mkono, nikampa. Akaanza kupapasa kwa ncha ya kidole cha shahada, taratibu, kama anatafuta mwiba kwenye nyama. Akalipata taji, akatabasamu. Akashuka.

"Hii B," akasema.

"Ee babu."

"B." Akakaa kimya. Mie nshafungua mdomo, risiti ya juisi iko mfukoni. "B ya Barghash hiyo! Khalid bin Barghash! Ami yako hakuwa akiamini." Na akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu bibi kufariki, mabega yote yanatikisika. Halafu kidole kikasogea. "Na hii nyengine? Hii ya pili?"

"V, babu."

"V ya nani?"

Nikamtazama ami. Ami katazama tambuu yake.

"Ya Victoria," nikasema. "Malkia wa Waingereza. Alikuwepo mwaka ule."

Babu akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyerejeshewa deni la miaka. Barghash na Victoria kwenye chuma kimoja, akasema, na wakapigana. Akaniombea dua pale pale, ndefu, na mie naitikia amin.

Usiku nikamwambia ami yote, Birmingham, majaribio, 1904. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwani nani aliyekwambia bunduki aliyokimbia nayo ndo hii hii? Pengine ile imezama bahari ya Nungwi, mzee akenda kununua nyengine dukani apate kitu cha kushika wakati anasimulia. Au kasiba ilipasuka ikatiwa nyengine. Au hakuwepo kabisa, alikuwa hapa hapa Wete anachuma karafuu. Akaniuliza, wewe ungependa ipi? Nikasema mie napenda iliyokweli. Akasema basi mbona hukuisema.

Mengine mnayajua. Babu akaishi Idi nne zaidi na kila Idi B na V zilikuwemo, ya mwisho walikuwa wameshatiwa pamoja chumba kimoja wanazungumza, Seyyid na Malkia, na mie nakaa pale pale natazama miguu yangu. Alipofariki, ami akaipeleka kituoni wakati wa lile tangazo la kusalimisha silaha kwa hiari, maana hakuna aliyekuwa na kibali na hakuna aliyetaka kujibu maswali. Tukapewa karatasi: gobori moja, bovu. Wala si gobori, ni gumegume, lakini tarehe imo, ndo tarehe pekee iliyowahi kuandikwa kuhusu kitu kile.

Kwa wageni hadithi niliiacha. Halafu msimu ukawa mbaya nikairejesha, bila ya picha.

Basi jana nimekaa na daftari mkononi. Mwalimu keshasahihisha, keshatia hongera, na mtoto kasimama anasubiri. Nikamuuliza nani kakuhadithia haya, akasema bibi, na kaka zake wa kwa ami, na wote wanaijua. Nikachukua kalamu. Akasema subiri baba, nionyeshe ile picha ya karibu, ya poda, mwalimu kasema nikiwa na picha niilete. Nikaitafuta kwenye simu, ipo, sikuifuta miaka yote hii sijui kwa nini. Akaivuta kwa vidole viwili, akaizungusha, akasogeza uso.

"Baba, huku pembeni pana taji jengine. Pana B nyengine. Na P." Akaniangalia. "P ya nani?"

Nlikuwa nshafungua mdomo kusema Pemba.