Doriani: kulichagua na kulifungua

Wengi wanaolichukia doriani, tunda la miiba lenye harufu kali, walionjeshwa lililoiva kupita kiasi. Hilo huchacha, hulegea na kuacha uchungu ulimini, na hata mpenzi wake hulitupa. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua.

Ukiwa sokoni Darajani, Unguja, anza na kikonyo. Kikwangue kwa ukucha: kikitoa unyevu, tunda ni la karibuni, kikiwa kimenyauka, limeshakaa. Kisha lishike kwa kitambaa, lisogeze sikioni, litikise polepole. Likiiva, nyama huachana na ganda, nawe utasikia kokwa zikigonga kidogo. Likiwa kimya kabisa, bado changa. Ukisikia majimaji, liache. Mwisho nusa kwenye mishono ya ganda: harufu iwe nzito yenye utamu, isiwe ya siki. Lililokwisha kupasuka nunua ikiwa mtalila palepale tu.

Aina za doriani kama Monthong ya Thailand na Musang King ya Malaysia hutoka kwenye miche ya kubebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti mama, ndiyo maana ladha haibadiliki sana. Mdoriani ulioota kwa mbegu una ladha yake wenyewe, pengine tofauti kabisa na mama yake. Ukipata tamu, muulize muuzaji limetoka shamba gani, na msimu ujao urudi kwake.

Kulifungua hakuhitaji nguvu. Ligeuze kikonyo kiwe chini. Juu utaona mishono mitano ikikutana kama nyota. Ingiza hapo ncha ya kisu kigumu, kama sentimita 3, ukizungushe mpaka mshono uachie, kisha weka kisu kando na utanue kwa mikono iliyofungwa kitambaa. Wanaolipasua kwa panga kama dafu huharibu nyama, na panga huteleza kwenye miiba likakata vidole. Likigoma kuachia, lisubiri siku moja au mbili.

Bonyeza nyama kwa kidole: ikibonyea kama siagi, kula. Itakayobaki itie kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana kabla ya kuiweka kwenye friji, la sivyo maziwa yote yatanuka doriani.

Kokwa usizile mbichi. Zichemshe kwa chumvi hadi zilainike, umenye. Za kupanda zioshe, uzifukie siku ileile kwenye udongo wenye unyevu. Kokwa ya doriani ikikauka, imekufa.