Herufi Mbili Kwenye Mchanga Mbichi

Mwaka 2016, michango ya lazima ilipoondolewa shuleni, darasa la kwanza nililokabidhiwa katika shule moja ya kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kayenze wilayani Ilemela, Mwanza, lilifurika watoto hadi wengine wakawa wanakaa sakafuni mbele ya ubao. Wengi hawakupitia darasa la awali. Nyumbani walizungumza Kisukuma au Kikerewe, na vidole vyao vilizoea nyavu kuliko penseli.

Mtaala wa mwaka 2015 ulitutaka tuweke nguvu zote kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambazo sisi walimu tunaziita KKK. Nilianza na sauti ya herufi, si jina lake, kwa sababu mtoto aliyekaririshwa kwamba m ni "em" hutaabika kuunganisha "em" na "a" ili apate "ma", ilhali aliyezoea kufumba midomo na kuguna "mmm" huifikia silabi hiyo karibu bila msaada. Irabu zilipita salama, na konsonanti za mwanzo vilevile. Tulikwama kwenye b na d.

Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, mara nyingi aliandika "dada" nilipotamka "baba", na "baba" nilipotamka "dada". Wenzake walimcheka, mimi sikuona cha kuchekesha, kwani kwa mtoto wa umri ule kosa hilo si dalili ya akili nzito. Tangu azaliwe macho yake yamemfundisha kwamba mtumbwi ukielekea kushoto au kulia ni mtumbwi uleule, kisha siku moja anaambiwa kwamba fimbo na tumbo la herufi vikigeuzwa upande, sauti nayo inageuka. Nilikuwa nimemsahihishia daftari hadi kurasa zimejaa wino mwekundu, na hakuna kilichobadilika.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya kipindi cha giza. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi, kwa hiyo siku hizo mitumbwi hurudi alfajiri ikiwa imejaa, na watoto huhitajika mwaloni, ufukweni mitumbwi inakofikia, kuanika dagaa. Madawati yalikuwa matupu zaidi ya nusu. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikawachukua wachache waliofika, tukawafuata wenzao.

"Mwangaluka, Mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma bibi mmoja aliyekuwa ameinama juu ya dagaa wake. "Umekuja kuninyang'anya wasaidizi?"

"Shikamoo, bibi. Sitawaondoa hapa. Wakimaliza kutandaza, naomba unipe hao watoto mpaka saa ya kugeuza."

"Marahaba. Mpaka saa ya kugeuza tu, lakini."

Niliwapanga kwenye ukanda wa mchanga mbichi, ambao hushika mstari bila kumomonyoka, na nikawakataza kabisa kuingia majini kunawa, maana kichocho kwenye maji ya kina kifupi huku kwetu si hadithi. Kwanza niliwapa mgongo, nikaandika hewani kwa mkono mzima, ili kulia kwangu kuwe kulia kwao. Halafu wakainama, kila mmoja na kidole chake.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo daftari halikuwahi kunionyesha. Herufi ya penseli ikishaandikwa haisemi ilianzia wapi, lakini kidole kikipita kwenye mchanga mbichi husukuma chembe mbele yake na kuacha kichuguu kidogo pale mstari unapoishia. Kwenye b za watoto wengi kichuguu kilikuwa mwisho wa tumbo, kama inavyotakiwa. Kwenye b za mvulana yule kilikuwa kwenye ncha ya fimbo. Alikuwa anachora duara kwanza, kila mara, iwe b au d, kisha anaibandika fimbo upande wowote uliokuwa na nafasi. Mkono wake ulikuwa na herufi moja tu, na wino wangu mwekundu usingeweza kumpa ya pili.

Nilichomeka kijiti mchangani, nikamwambia b huanzia hapo juu: shuka, panda nusu, zunguka. Nikaachana na d kabisa kwa siku ile. Aliandika b mstari mzima, ulimi ukiwa nje, akifuta kwa kiganja kila ambayo haikumpendeza vya kutosha, hadi bibi alipoita kwamba dagaa wamekauka upande wa juu.

Niliporudi shuleni nilizipanga upya herufi zangu ubaoni. Herufi b ikakaa na h na k, zinazoanza kwa fimbo. D nikaisogeza wiki kadhaa mbele, ikakaa na a na o, zinazoanza kwa duara. Wazazi walipasua madumu ya mafuta ya kula yakawa masinia, wakayajaza mchanga, na kila kikundi kikapata lake. Mratibu elimu wa kata alipopita alihoji uchafu ule wa darasani, nami sikubishana naye. Nilimwomba achuchumae kando ya mtoto mmoja na kuangalia kidole chake. Alichuchumaa kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza kama madumu mengine yanaweza kupatikana kwa ajili ya shule jirani.

Yule mvulana alizitenganisha b na d kabla ya likizo ya Juni. Tulipofungua, tukaanza kupambana na l na r, ambazo mchanga haukuzisaidia hata kidogo.