Kompyuta zilipona, foleni ikabaki palepale

Niliitwa kutengeneza kompyuta tu. Kituo chenyewe ni cha afya, cha mtu binafsi, hapa Kisumu si mbali na Kondele, na mwenyewe alikuwa amechoka kulaumiwa na wagonjwa wanaoingia asubuhi na kutoka saa tisa. Aliamini ubaya uko kwenye mashine za kaunta. Kusema kweli, ungeziona ungeamini hivyo pia. Karani anaandika jina la mgonjwa, taa ya diski inawaka bila kupepesa, na benchi zima linamkodolea macho yeye.

Ugonjwa wa mashine zile haukuwa fumbo. Memori ya GB 4, Windows 10, kinga ya virusi, na kivinjari kilichofunguliwa ukurasa wa bima, wa maabara na WhatsApp ya ofisi kwa pamoja. Memori ikijaa, mfumo endeshi (programu mama ya kompyuta, kama hiyo Windows) huchukua data isiyotumika kwa wakati huo na kuiweka kando kwenye diski, kisha huirudisha ikihitajika. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, hiyo nenda-rudi ndiyo inayokula muda. Kompyuta inashinda ikihamisha data yake yenyewe na karani anangoja.

Diski za SSD, ambazo hazizunguki, ziliponya nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine ilikuwa tarehe. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10, yakiwemo masasisho ya kuziba matundu ya usalama, unakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa karibu prosesa zote (chipu zinazofanya kazi ya kompyuta) za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Zetu zilikuwa za kizazi cha nne.

"Sasa siku hiyo ikifika zitazima?" mwenye kituo akaniuliza. Nikamwambia hazitazima, na hatari iko hapo hapo, maana hakuna atakayeshtuka. Nikamweleza ya Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipoingia hospitali za umma za Uingereza, vikafunga faili na kudai pesa, miadi ya wagonjwa ikafutwa na ambulensi nyingine zikaelekezwa kwingine. Sasisho la kuziba tundu lile lilikuwa limetoka tangu Machi mwaka huohuo.

Nilipotaja Linux, mfumo endeshi wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows, alikunja uso. "Hiyo si ya wanafunzi?" Nikamkumbusha KenyaEMR, mfumo unaotunza rekodi za wagonjwa wa VVU katika vituo vingi nchini. Huo umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria, ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha, na kwa kawaida seva yake huwekwa kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Wala mizizi ya OpenMRS haiko mbali. Kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kutumia rekodi za kompyuta mwaka 2001, kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani, na OpenMRS yenyewe ikaanza 2004. Mosoriot ndiyo iliyomlainisha. Uingereza ni mbali, lakini Mosoriot huipita akienda Eldoret.

Nikaweka Linux Mint, aina nyingine ya Linux, yenye mwonekano wa Xfce, ambao ni mwepesi. Makarani walizoea upesi kwa sababu kazi yao karibu yote iko ndani ya kivinjari. Kifaa cha alama za vidole cha bima peke yake ndicho kilichogoma, hakikuwa na draiva (programu ya kukiendesha) ya Linux. Sikupigana nacho. Tulinunua kompyuta moja ya mtumba, ex-UK, ya kizazi cha nane, ikawekwa Windows 11, ikawa ya mambo ya bima tu.

Baada ya hapo faili ya mgonjwa ilikuwa inafunguka karani akiwa bado ana kidole kwenye kibodi. Na foleni? Palepale. Saa tisa bado ilikuwa saa tisa.

Aliyenifumbua macho ni mama wa rekodi, mtu aliyekaa kituo kile muda mrefu kuliko daktari yeyote. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "kompyuta yako iko sawa. Sasa kaa huku kwa benchi uone."

Nikakaa, na biro na karatasi, nikiandika saa. Mgonjwa anaingia kwa tabibu, anaulizwa, anapimwa, anatumwa maabara kupima malaria. Analipa, anatolewa damu, anangoja majibu. Majibu yakitoka anarudi kwa tabibu na kusimama mwisho wa foleni ileile, nyuma ya watu waliofika sasa hivi ambao hawajaulizwa hata jina la ugonjwa. Yeye anahitaji dakika chache tu: tabibu asome majibu, aandike dawa. Lakini anangoja mara ya pili kama aliyeingia mlangoni wakati huo.

Hapo nikaona kitu ninachokijua. Kwenye kompyuta programu nyingi hugombania prosesa moja. Programu ikiomba data kutoka kwenye diski huwekwa pembeni ili nyingine zitumie nafasi, na data ikifika programu hiyo haipelekwi mkiani. Mpangaji zamu (sehemu ya mfumo endeshi inayoamua nani atumie prosesa) aliyeingia ndani ya Linux mwaka 2007, anayeitwa CFS, alihesabu kila programu imekwisha kutumia muda gani wa prosesa, akamwita aliyetumia kidogo zaidi. Aliyekuwa akingoja diski huwa ametumia kidogo, kwa hiyo huitwa mapema. Mwaka 2023 mpangaji huyo alibadilishwa na EEVDF, ila hesabu ya haki imebaki.

Mwenye kituo hakutaka habari za prosesa, nikamfanyia hesabu ya mkono. Chukua mgonjwa mpya anayehitaji dakika 20, na watatu waliorudi na majibu wanaohitaji dakika 4 kila mmoja. Mpya akitangulia, wanne hawa kwa wastani wanangoja dakika 18. Watatu wakitangulia, wastani ni dakika 6. Tabibu ni yuleyule, kazi ni ileile. Aliirudia mwenyewe kwenye simu kabla ya kukubali.

Kupanga ni rahisi, watu ndio kazi. Siku ya kwanza mzee mmoja alisimama katikati ya mlango: "Huyu mama amenikuta hapa, mbona anaingia?" Alikuwa na haki, maana ukiwatanguliza waliorudi bila kikomo, mgeni anaweza kukaa hadi jioni. Nikapendekeza mmoja kwa mmoja. Tabibu akakataa. Alisema kila akibadilisha kutoka majibu hadi mgonjwa mpya kichwa chake kinaanza upya, afadhali apewe wawili wa majibu wakifuatana, kisha mpya mmoja. Sikuwa na la kubishana. Kompyuta nayo hupoteza muda kila inapobadilisha kazi, sembuse binadamu. Mtoto mwenye degedege au mama anayetoka damu hayumo katika hesabu hii, huyo anaingia na wote wanapisha.

Tulichapisha kadi za rangi za kutofautisha watu, zikafungwa plastiki vizuri. Zikaishia majumbani. Muuguzi akasema karatasi ya maabara anayoshika mgonjwa tayari ni kadi, ya nini nyingine? Ndiyo tunayotumia sasa, na waliorudi wana benchi lao upande wa dirisha ili wale wengine waone wanapungua. Ukutani bado kuna bango la 5S, njia ya Wajapani ya kupanga na kusafisha mahali pa kazi, ambayo Wizara ya Afya iliiingiza katika mwongozo wake wa ubora. Silidharau, stoo imepangika kwa sababu yake, ila halikuwahi kumwambia mtu mgonjwa asimame wapi.

Wagonjwa wengi sasa wanamaliza kwa tabibu kabla ya chakula cha mchana, na kwa sababu hiyo msongamano umehamia dirisha la dawa, ambako kuna mtu mmoja anayehesabu vidonge kwa mkono. Anataka printa ya lebo. Mimi nimemwomba kwanza aniandikie kwa wiki moja ni dawa zipi anazozihesabu kila siku kwa idadi ileile, maana parasetamoli inaweza kufungwa kwenye bahasha alfajiri kabla mlango haujafunguliwa. Mwenye kituo ameshauliza bei ya printa.