Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa vijana wa mwaloni (ufukweni wanakoshusha samaki), Kigoma

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kugusa simu nachungulia dirishani. Mbalamwezi bado ni kali, uani unaweza kuokota sindano. Basi leo darasa litajaa.

Wasioishi huku naomba niwafafanulie. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinavutwa ufukweni na wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Wanafunzi wangu wengi wa kiume wanalala kwao siku hizo tu. Kwa hiyo ratiba yangu naipanga kwa kalenda inayoonyesha mwezi: mada ngumu na mitihani ya majaribio naziweka wakati wa mbalamwezi, giza likirudi tunafanya marudio na hao wachache wanaobaki. Mihula ya wizara naiheshimu, ila ziwa halina habari nayo.

Saa 1 asubuhi niko mwalo wa Kibirizi. "Mwakeye," nawasalimu akina mama waliokaa kando ya chanja za kuanikia dagaa. Chanja zenyewe leo ni tupu. Natafuta mabinti wawili ambao sijawaona wiki hii. Mmoja nampata anachota maji, ananiahidi kuja. Wa pili, mama yake ananiambia bila kuzunguka: "Mwalimu, siku za mwezi hatuna hela. Amekwenda Mwanga, mjini, kutafuta vibarua vya kufua." Sikuwa na la kumjibu. Hapa ndipo kazi hii inaponikera: vijana wanapata nafasi ya kusoma siku zilezile ambazo nyumbani hakuna kitu jikoni. Mtu anayesema vijana wa mwaloni hawapendi shule aje asimame hapa saa 1 asubuhi.

Saa 3 nafundisha MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Hawa ni wadogo, na lengo ni kuwarudisha kwenye shule ya kawaida. Wanaimba, wanagombania penseli, wanasoma. Sina wasiwasi nao sana.

Saa 7 ni ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, kwa mama ntilie wa nje ya geti.

Saa 8 mchana, wanafunzi wa shule tunayoazima darasa wakishatoka, wanaingia vijana wangu wa IPOSA, mpango wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima unaochanganya kisomo, stadi za maisha, ujasiriamali na ufundi wa awali. Wanakaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti juu. Binti wa miaka 17 amekuja na mwanawe anayetambaa. Mtoto ameshaokota kipande cha chaki na midomo imekuwa myeupe. Huyu binti, kwa kuwa tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, ndugu zake walimshauri arudi. Akapiga hesabu zake: shule ni ya kutwa, ni mbali, na mtoto ananyonya. Sasa anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ili baadaye afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia ni ndefu lakini yeye ndiye aliyeichagua, na daftari lake ndilo safi kuliko yote darasani.

Somo la leo ni kugawanya. Naandika ubaoni: kipe kimeuza dagaa wa shilingi 300,000. Mafuta na chakula 80,000. Kinachobaki, nusu ya tajiri mwenye kipe, nusu wanagawana wavuvi watano. Kila mmoja apata ngapi?

"Elfu ishirini na mbili," anasema kijana wa miaka 16 aliye nyuma, hata chaki sijaiweka chini. Kichwani anapata kila kitu. Tatizo lake ni kukiandika. Namwita ubaoni. Anatoa, anapata 220,000. Anagawa kwa mbili, polepole, ulimi nje, anapata 110,000. Halafu anarudi kwenye ile 80,000, anaizungushia duara, anageuka.

"Mwalimu, hii nani anaionaga?"

"Ipi?"

"Hii ya mafuta. Tunaambiwa tu imetoka. Risiti hatujawahi kuonyeshwa."

Darasa likalipuka. Kila mmoja ana kisa cha mafuta. Sikurudi tena kwenye mada niliyoiandaa. Tulitumia saa nzima kuchora jedwali la mapato na matumizi ya safari moja, na wote wakalinakili, hata yule anayekaaga amelala.

Saa 11 jioni nakwenda kwa tajiri wa kipe anachofanyia kazi kijana huyo. Habari ilishanitangulia.

"Mwalimu, unawafundisha watoto wanidai risiti?"

"Nawafundisha kugawanya, mzee wangu. Nimekuja kwa jingine."

Hilo jingine ni kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na uvuvi wa dagaa wote uko humo. Naweza kwenda moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii, naye tajiri anajua. Lakini kijana akiondolewa bila kazi nyingine, mwezi ujao atakuwa kwenye kipe cha mwalo wa mbali ambako hakuna anayemjua. Nataka abaki nchi kavu, ashone nyavu mchana, jioni aje darasani.

Tulivutana mpaka adhana ya magharibi. Amekubali kumtoa majini giza likirudi. Malipo ndiyo hatujaelewana: yeye anataka kumpa elfu tatu kwa siku, mimi nimesema tano. Kesho asubuhi narudi kwake na mama wa kijana.