"9" baada ya "100"

Panga orodha ["9", "25", "100"] kama ilivyo, na Python, lugha ya programu, itakurudishia "100", "25", "9". Haijakosea. Kwake hizo ni herufi, nazo hupangwa kama maneno ya kamusi. Jioni hii nawaza kazi ya kugeuza orodha ya maandishi kama hayo kuwa namba, ambayo wengi huimaliza kwa mstari mmoja:

namba = [int(x) for x in mauzo]

Mstari hauna kasoro. Data ndiyo huja chafu. Tazama mauzo ya siku tano yaliyosomwa kwenye faili la CSV, jedwali la maandishi ambalo seli zake hutenganishwa kwa mkato:

mauzo = ["4500", " 12000", "7,500", "", "3000.0"]

Nafasi iliyo mbele ya 12000 haina neno; int(), inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, huiondoa yenyewe, ingawa mwenzake wa lugha ya Java, Integer.parseInt(), angeikataa. "7,500" ndiyo ya kwanza kuangusha programu, kwa kosa la ValueError. Ukifuta mkato kwa x.replace(",", "") itapita, ila uliza kwanza faili limetoka wapi. Kwa waliozoea kuandika Kifaransa, Bujumbura au Lubumbashi, "7,50" ni saba na nusu, nawe utapata 750. "3000.0" nayo int() huikataa; mara nyingi imepitia pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data, ambayo safu wima ya namba kamili yenye seli tupu huigeuza kuwa desimali. Hapo int(float(x)) inafaa, lakini "3000.9" nayo itakatwa kimyakimya iwe 3000.

Inayoniuma zaidi ni ile seli tupu. Wengi huitia 0 ili kosa litoweke. Jumla inabaki 27000, sawa, lakini wastani wa siku nne zilizoandikwa ni 6750, na sifuri hiyo inaushusha hadi 5400. Siku hiyo huenda watu waliuza, ila hakuna aliyeandika. Weka None, alama ya Python ya "hakuna thamani", kisha uchapishe namba ya mstari wenye tatizo ili mwenye daftari aende akaangalie.

Lugha ya JavaScript ina mtego wake: ["10", "10", "10"].map(parseInt) hutoa [10, NaN, 2], NaN ikimaanisha "si namba". Map hupitisha pia nafasi ya kila kipengele, na parseInt huifanya kizio cha kuhesabia, kama 2 au 10. Andika map(x => parseInt(x, 10)).

Namba za simu ziache zilivyo. Zikigeuzwa, sifuri ya mbele inapotea. Na zikianza na 255, msimbo wa Tanzania, zinakuwa na tarakimu 12, wakati int, aina ya namba kamili ya Java, inaishia 2147483647.