Tamari Aliambiwa Anyamaze

Masomo ya juma: 2 Samweli 13:1–22, 1 Wafalme 19:1–8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili naomba tusome sura ambayo ni nadra kusikika madhabahuni. Nimekulia kanisani, na sikumbuki kuisikia ikihubiriwa hata mara moja kabla sijawa mtu mzima. Ni habari ya Tamari binti Daudi, aliyebakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja. Isome mwenyewe, polepole, kabla hujaendelea na maandishi yangu. Lakini kama jambo la namna hiyo limekupata wewe, na leo huna nguvu za kulisoma, liache. Nenda moja kwa moja kwa Eliya chini ya mti wake. Biblia haitakimbia.

Angalia jinsi Tamari anavyosema. Anapokamatwa anakataa, tena kwa hoja: jambo hili halitendeki katika Israeli, aibu yangu nitaipeleka wapi, na wewe mwenyewe utahesabiwa pamoja na wapumbavu. Anapofukuzwa baada ya tendo, anasema tena kwamba kumfukuza ni ubaya kuliko ule wa kwanza. Kisha anatia majivu kichwani, analirarua vazi lake la mabinti wa mfalme, anaondoka akilia kwa sauti. Wale wanaopenda kuuliza "kwani hakupiga kelele?" wana jibu lao hapo.

Ndipo anakutana na Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja. Absalomu anaelewa mara moja kilichotokea, na anamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyetenda ni ndugu yake, asilitie jambo hilo moyoni. Tangu mstari huo hatusikii tena neno kutoka kinywani mwa Tamari. Amnoni, pamoja na nguvu zake zote, alishindwa kumnyamazisha. Aliyeweza ni kaka aliyempenda.

Nasema alimpenda, na ninaamini hivyo. Alimpa nyumba ya kukaa. Baadaye alipopata binti alimwita Tamari (14:27), na mtu hampi mwanawe jina la mtu aliyemsahau. Kwa ajili yake alimwua Amnoni baada ya miaka miwili mizima. Daudi naye alikasirika sana, na hasira yake ikaishia hapo. Wakubwa wakaendelea na hesabu zao za kisasi na kiti cha enzi mpaka ikawa vita, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba mmoja wao alirudi kumuuliza Tamari yeye anataka nini. Alikuwa na paa na chakula, na bado Neno linasema alikaa katika hali ya ukiwa.

Sisi tuna methali kwa ajili ya ushauri wa Absalomu: funika kombe mwanaharamu apite. Tuna na maneno mengine ya kanisani, laini zaidi. "Mwachie Mungu." "Mambo ya ndani hayatolewi nje." "Yamalizwe kifamilia." Nayajua kwa sababu nimeyasema.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu alinifuata baada ya ibada. Amenipa ruhusa nisimulie, bila jina na bila mtaa. Mumewe alikuwa anampiga, na si jambo lililoanza jana. Nilimshika mkono, nikamwambia avumilie, aombe, asiwaeleze watu asije akamwaibisha mzee. Nikafunga kwa sala. Nilirudi nyumbani nikijiona nimemhudumia. Baada ya pale alianza kukaa benchi la mwisho, kisha hatukumwona tena.

Aliyemwokoa ni jirani, mama anayeuza mchicha, ambaye hasali kokote. Usiku alipokimbia na watoto wawili, huyo ndiye aliyemfungulia mlango, na asubuhi akaacha biashara yake akamsindikiza polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, akamngojea achukue PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, wakaenda wote hospitali. Alikaa naye kwenye foleni. Sijui kama mama yule amewahi kusikia habari ya Msamaria, ila njia ile aliipita mguu kwa mguu.

Nitoke kidogo kwenye somo, maana hili linaweza kuwa la leo kwa mtu fulani. Maombi hayasimamishi saa. Mtu akibakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nafasi. Kwa hiyo asipelekwe kwanza kwenye mkesha. Apelekwe hospitali, na penye kituo cha mkono kwa mkono ni nafuu zaidi, kwa sababu daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kwa mtoto, hapa Tanzania namba ya kupiga ni 116, na ni bure. Mikesha itamkuta palepale.

Mama yetu aliporudi kanisani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anaomba radhi kwa kila kitu: kwa kupita mbele yako, kwa mtoto kukohoa, kwa kuketi. Ukimuuliza anapendelea chai ya rangi au ya maziwa, anakwambia yoyote. Nilidhani ni unyenyekevu. Baadaye nilielewa kwamba aliishi miaka mingi mahali ambapo kuchagua vibaya kulimletea kipigo, kwa hiyo alikuwa ameacha kuchagua. Tukisema mtu amepoteza kujiamini tunawaza habari za kusimama mbele ya watu na kuongea. Kwake lilianzia kwenye kikombe cha chai.

Hapo ndipo Eliya alipotusaidia. Nabii amemkimbia Yezebeli, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu angeweza kumtumia unabii. Alimtumia malaika, na malaika hakuwa na mahubiri. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Na malaika hakumkemea kwa kulala. Alirudi mara ya pili na chakula kilekile, akikiri kwamba safari ni kubwa mno kwake. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baada ya usingizi mara mbili, milo miwili, na siku arobaini za kutembea.

Akina mama wa kwetu tumefundishwa kwamba kujitunza ni ubinafsi. Mama mwema hulala wa mwisho na kula ukoko. Mtu aliyeumizwa akilibeba fundisho hilo juu ya jeraha lake, linammaliza. Tulianza na usingizi. Zilipangwa zamu, Jumanne na Alhamisi, mmoja wetu anachukua watoto mchana ili yeye alale. Wiki ya kwanza hakulala, alifua. Wiki ya pili alifua. Ya tatu ndiyo alilala, akaamka magharibi amechanganyikiwa, akaomba radhi. Baadaye akaanza kutembea asubuhi kabla jua halijawa kali, na kusuka nywele, jambo ambalo mumewe alikuwa amelikataza. Na akawa anaonana na mshauri nasaha wa hospitali, maana sisi tulikuwa na upendo lakini utaalamu hatukuwa nao, na ni vizuri kanisa lijue mpaka wake.

Ibada zetu nazo zilitakiwa kubadilika kidogo, na hapa palikuwa pagumu. Mnajua ile "mshike jirani yako mkono, mtazame usoni, umwambie"? Kwa wengi wetu ni furaha. Kwa mtu ambaye mwili wake ulishikwa kwa nguvu, kushikwa na mwanaume asiyemjua, spika zikipiga kelele, njia ya mlango imezibwa na viti, ni kitu kingine kabisa. Akitoka nje tunasema ana roho ya kukataa. Siku hizi tunauliza kwanza, "Naweza kukushika mkono?" Hata kwenye kuwekea mikono tunauliza. Mzee mmoja wa kanisa alinung'unika kwamba tunaleta ya kizungu madhabahuni. Nikamkumbusha kwamba Bwana Yesu, aliyejua kila kitu, alimuuliza kipofu Bartimayo, "Wataka nikufanyie nini?" Kipofu, mbele yake, na bado aliuliza.

Kama unadhani haya ni ya mtu mmoja katika kanisa zima, utafiti wa taifa wa demografia na afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Tazama benchi la kwaya Jumapili ijayo. Na wavulana na wanaume waliotendwa wapo pia. Wao huambiwa wanyamaze hata kabla hawajafungua mdomo.

Kuhusu msamaha nitasema kidogo tu, kwa sababu wengine wameshasema mno. Usimpangie mtu tarehe ya kusamehe. Wala usimkalishe meza moja na aliyemtenda ili "mpatane" na picha ipigwe. Hayo ni ya Absalomu.

Huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, Dakta Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, mwanamke wa Kiyazidi wa Iraki aliyenusurika utumwa wa ngono. Wengi tunamjua kwa upasuaji wa wanawake waliobakwa vitani. Mimi kinachonigusa ni kwamba waliona kisu hakitoshi. Huduma yao ina sehemu nne: ya mwili, ya nafsi, ya sheria, na ya kujitegemea kimaisha. Na ipo nyumba yao iitwayo Maison Dorcas, ambako wanawake waliotibiwa hujifunza kushona, kusuka vikapu, kusoma na kuandika. Dorkasi wa Matendo 9, yule wa Yafa! Alipokufa, wajane hawakumweleza Petro kwa maneno matupu. Walimwonyesha nguo alizowashonea walipokuwa pamoja.

Sisi hatuna nyumba kama ile. Tuna kikoba cha akina mama, kikundi cha kuweka na kukopa, kinakutana Jumamosi saa tisa alasiri kwenye mkeka nyuma ya kanisa. Sanduku letu lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa na mtu wake, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Mshika ufunguo mmoja alipohama, tulimchagua mama yetu. Akakataa. "Nitaupoteza," alisema. "Mimi sijawahi kushikishwa hata hela ya chumvi." Mwenyekiti akamwambia hatumlazimishi, ila kura ni zake, afikiri kwa wiki moja. Wiki iliyofuata alikuja akanyoosha mkono, akaupokea bila kusema kitu, akaufunga kwenye pindo la kanga.

Mwezi uliopita kuna Jumamosi ilinyesha sana. Saa tisa ikapita, saa tisa na nusu ikapita. Tulikuwa kumi na wanane, hela za hisa mikononi, sanduku katikati ya mkeka, kufuli mbili zimeshafunguliwa na ya tatu imefungwa. Mmoja akauliza tufanyeje. Mwenyekiti akasema, "Tunasubiri, mwenye ufunguo hajafika." Tukaimba tenzi mbili. Ndipo akaingia, kanga imelowa mpaka magotini. Nilimtazama midomo, nikingoja zile radhi zake kumi. Akasema, "Mvua." Akaketi mahali pake, akaanza kufungua fundo.