Farasi wangu alivimbiwa, kumbe shida ilianzia mdomoni

Msokoto wa tumbo kwa farasi uusikie tu kwa watu jamani. Wangu ni jike, ana miaka 19, hajawahi kunisumbua, asubuhi moja naingia bandani nakuta nyasi za usiku zipo vilevile na mavi ni vibonge vitatu tu, vikavu, vina ute. Mwenyewe anaparura chini kwa mguu wa mbele, mara anageuza shingo anaangalia ubavu wake.

Kilichonisaidia ni kwamba nina tabia ya kumpima hata akiwa mzima. Farasi mkubwa aliyetulia moyo unapiga mara 28 mpaka 44 kwa dakika, wangu kawaida yake 36, unaweka vidole chini ya taya pale mshipa unapopita unahesabu. Siku hiyo 52. Joto 38, hiyo sawa. Nikabandika sikio ubavuni, maana tumbo la farasi mzima linanguruma muda wote, kulia nikasikia kidogo, kushoto kimyaaa. Nikampigia vet nikamtajia hizo namba, akasema toa chakula chote, usimpe kitu mdomoni, nakuja.

Hapo pa mdomoni sasa. Jirani alishafika na chupa ya mafuta anataka tumnyweshe kwa nguvu. Nikakataa, farasi hatapiki, na mafuta yakikosea njia yanaingia kwenye mapafu, utakuwa umejiongezea ugonjwa wa pili. Hata sindano ya maumivu niliyokuwa nayo sikuigusa, manake inaficha, daktari anakuta mnyama katulia kumbe ndani kunaharibika. Nikawa namtembeza tu polepole, akichoka tunasimama.

Vet akavaa glavu ya mpaka begani, akapapasa kwa nyuma akakuta utumbo mpana umejaa mzigo mgumu pale unapokunja na kuwa mwembamba. Akapitisha mpira puani hadi tumboni, kwanza akahakikisha hakuna maji yaliyorudi nyuma yakajaa humo, ndo akamwaga maji na chumvi ya magineziamu, jioni akarudia. Usiku ule sikulala, nangoja mavi! Saa tisa likadondoka bonge la kwanza na nilishangilia peke yangu kama mwendawazimu.

Afu akaniuliza, huyu akitafuna anadondosha nyasi? Nikakumbuka wiki kadhaa nafagia vifundo vya nyasi vilivyotafunwa nusu, mi nikadhani anachagua chakula tu. Kumbe meno ya farasi yanazidi kuchomoza miaka yote, kama milimita 2 au 3 kwa mwaka, na taya la juu ni pana kuliko la chini kwa hiyo kingo hazisagiki sawa, zinabaki kali kama kisu. Wiki iliyofuata akampa dawa ya kumlegeza, akamfunga chuma cha kuachamisha mdomo na kumsaga kwa tupa, nikaonyeshwa shavu kwa ndani, vidonda vitupu. Anameza bila kutafuna, na mi ndo kwanza nilikuwa nimemtoa malishoni nikamweka kwenye nyasi kavu, lazima pazibe.

Siku hizi meno yanakaguliwa kila miezi sita, maji napima kwa ndoo nijue kanywa ngapi, na nyasi naloweka kwanza. Vifundo sijaviona tena, ila kadeka, ukimwekea kavu ananusa tu anakuangalia.